Kwa madaktari wapya wa Moshi na Arusha: ile simu ya usiku, pigeni

Wanangu,

Hamjambo. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, nakaa Moshi, na wengi wenu ni rika la kitinda mimba wangu. Hospitali yetu ya rufaa ya KCMC hapa Moshi ilipofunguliwa mwaka 1971 nilikuwa bado binti wa shule ya msingi, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Wiki iliyopita nilikuwa namuuguza mdogo wangu aliyepasuliwa katika hospitali moja ya huku Kaskazini. Jina lake halitawasaidia kitu. Manesi wananifahamu, wakaniachia kiti nikeshe naye. Saa nane usiku bibi wa kitanda cha pili akaanza kuhema kama mtu aliyepandisha mlima mbio. Interni, daktari mpya wa mwaka wa mafunzo kama ninyi, akaja, tena upesi, kwa hilo simlaumu. Akambana kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu, kikasoma asilimia 84. Akamwekea oksijeni, ikapanda mpaka 88 ikagoma hapo. Kijana akatoa simu mfukoni, akatafuta jina, akalitazama, akairudisha. Akafunua faili. Akaitoa tena simu. Mara tatu, nilihesabu. Nesi wa zamu akamwambia, "Daktari, mwite rezidenti," yaani yule daktari anayesomea ubingwa. Akajibu, "Tumwangalie kidogo kwanza."

Tukamwangalia hadi saa kumi na moja alfajiri. Rezidenti alipopita kwa shughuli zake mwenyewe, hazikufika dakika kumi bibi anasukumwa kwenda chumba cha uangalizi maalumu. Nashukuru Mungu anaendelea vizuri. Hasira yangu ndiyo haijaendelea vizuri.

Kulipokucha nilimfuata yule kijana nje. Nilikwenda kumgombeza. Akaniambia, "Mama, mara ya mwisho nilipompigia mkubwa usiku, asubuhi yake aliniuliza mbele ya kikao kizima kama udaktari nimeusomea sokoni Mbuyuni." Macho yamemwiva kwa usingizi. Nikakosa la kumgombeza.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1986 nilikuwa kwenye hospitali ndogo, yenye simu moja ya kuzungusha, na usiku ofisi yake hufungwa. Ukimtaka daktari mkubwa, mlinzi anachukua kurunzi, anakata migomba mpaka nyumbani kwake, anagonga dirisha. Mama wa uzao wa nne akatokwa na damu baada ya kujifungua. Kondo lilitoka zima, ila mji wa uzazi ulilegea. Nikiuminya unakaza, nikiachia unalegea tena. Nilibadilisha khanga ya kwanza, ya pili, nikaweka ya tatu, ya kijani, mpya kabisa, aliyokuja nayo ya kumbebea mtoto. Daktari wetu alikuwa mpya kama ninyi. Akasema, "Tungoje chupa hii ya dripu iishe." Nikangoja. Mlinzi amekaa mlangoni, hatua kumi kutoka niliposimama, kurunzi mapajani. Ningeweza kumtuma mimi. Sikumtuma, kwa sababu siku zile nesi hakumruka daktari. Dirisha lilipogongwa, tulikuwa tumeshachelewa.

Ninyi simu mnalala nazo.

Ile miezi 12 mnayozunguka tiba ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi imewekwa kwa sababu hiyo. Baraza la Madaktari Tanganyika bado halijawapa usajili kamili, mnafanya kazi chini ya uangalizi, na kumwita mkubwa ni sehemu ya kazi mliyopangiwa. Atakayeitwa bure atanung'unika, atarudi kulala. Mkipiga, msianze na "samahani sana dokta". Sema wewe ni nani, mgonjwa yupi, jioni alikuwaje na sasa yukoje, umeshafanya nini, unaomba nini. Nusu dakika imetosha. Asipokuja, andika kwenye faili saa uliyompigia, kisha mpigie aliye juu yake. Na nesi akikwambia "mwite", jua ameona wengi kabla yako.

Ninyi mabingwa mnaosoma hii kwa kuibia, mnajijua. Mnamfanya mtoto wa watu kichekesho kikaoni, halafu mnauliza kwa nini hamkuitwa. Marezidenti nawaonea huruma zaidi: miaka mitatu au minne ya kusomea ubingwa, wapo mnaolipa ada kutoka mfukoni, na usiku ndio nyie mnaoshikilia wodi. Kumtoza mtu ada huku anakukeshea wagonjwa, hilo serikali ilitazame. Lakini uchovu wako usiumalizie kwa interni.

Na sisi wazazi tumo. Mtoto akiingia tu mwaka wa kwanza chuoni, ukoo mzima unamwita Dokta. Krismasi akirudi Machame anakuta foleni ya mashangazi wenye presha. Miaka mitano hajawahi kuruhusiwa kusema "hili silijui", leo tunashangaa saa nane usiku linamkwama kooni.

Mengine nayataja tu. Kuleni kabla ya zamu. Msikabidhiane wagonjwa mkitembea kwenye korido. Mgonjwa kutoka Ngorongoro au Simanjiro asiyeelewa Kiswahili, mtafutieni mtu mzima wa kumtafsiria, mtoto wake wa miaka minane mwacheni. Posho ikichelewa, idaini kwa pamoja, msimkunjie mgonjwa uso. Salimieni.

Jumatatu nampeleka mdogo wangu kutolewa nyuzi. Nitabeba mtori kwenye hotpoti, nimtafute yule kijana. Atakula kwanza, kisha ataniambia zamu iliyofuata alipiga au hakupiga.

Mama yenu,
Muuguzi mstaafu, Moshi