YAH: Malalamiko kuhusu seti ya shogi iliyoletwa na kete pungufu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mkazi wa Uyole, jijini Mbeya. Mwanzoni mwa Juni niliagiza kwenu seti ya shogi, mchezo wa ubao wa watu wawili kutoka Japani. Nililipa kwa simu shilingi 85,000, nikaongeza 8,000 za kusafirisha kifurushi kwa basi kutoka Dar es Salaam. Tangazo lenu liliahidi kete 40 kamili na maelekezo kwa Kiswahili. Nilichopokea stendi ni kete 39 na karatasi moja ya Kijapani kitupu.

Niliununua kwa ajili ya baba yangu. Ni mstaafu wa reli ya TAZARA, na tangu alipovunjika nyonga hawezi tena kutembea hadi kwenye kijiwe chake cha bao. Baridi ya Uyole mwezi wa sita mnaweza kuwa mnaisikia tu kwenye redio. Sisi jioni tunafunga milango, tunaweka jiko la mkaa katikati, na saa zinakuwa ndefu kwa mtu aliyezoea kuzungukwa na wenzake. Nilitaka apate mchezo wa kumchosha akili.

Na kwa kweli ulimshika. Mdogo wangu anayesoma chuo alitafuta kanuni kwenye intaneti, akatutafsiria, nami nikaziandika kwenye kaunta buku kwa jioni mbili. Tulipofika kwenye kanuni kwamba kete uliyoiteka haitupwi nje, bali unaiweka mkononi na baadaye unaiingiza ubaoni ikupiganie wewe, baba alikaa wima. Akasema, "Basi hawa wanacheza kama sisi." Maana kwenye bao pia kete ulizokula unazipanda upande wako, na unaanza ukiwa na kete 22 mkononi za kunamua. Mtu wa drafti ingemchukua muda kulizoea hilo. Mzee alilielewa palepale.

Ndiyo maana upungufu wa seti yenu umetuuma. Kila mchezaji wa shogi ana kete 20, na kati ya hizo 9 ni askari wanaojaza safu yote ya tatu, mmoja kwa kila mstari wa ubao wa 9 kwa 9. Sisi tulikuwa na askari 17 badala ya 18. Nilipowapigia simu, kijana wenu alinijibu, kwa sauti ya upole, nakiri: "Mzee, ni askari mmoja tu, tumia kizibo cha soda."

Ningependa mjue tulivyojaribu.

Drafti tunaicheza kwa vizibo nchi nzima, na bao ukipoteza kete unaokota komwe nyingine mchezo unaendelea. Shogi haiko hivyo. Kete za pande zote mbili zina rangi moja. Kinachoonyesha mwenye kete ni ncha yake: kete imechongwa kama kabari, na ncha inamwelekea adui. Ikitekwa na kuingizwa upya, inageuzwa kichwa na kuwa ya mwenzako. Kizibo kina mgongo na tumbo, lakini hakina kichwa. Jioni ya kwanza, baada ya kutekana mara nne au tano, mimi nilisema kizibo ni changu, baba akasema ni chake, na hakuna aliyekuwa anadanganya. Tuliuvunja mchezo.

Jioni ya pili tukaona tupunguze na upande wa pili, kila mtu abaki na askari 8. Tukamwondoa wa pembeni kabisa, tukidhani huyo hana kazi kubwa. Nyuma yake inakaa kete tunayoiita mkuki, ambayo inakwenda mbele moja kwa moja kwa umbali wowote ilimradi njia iwe wazi. Aliyeanza aliuchukua mkuki wa mwenzake kwa hatua ya kwanza kabisa. Huyo "askari mmoja tu" ndiye alikuwa mlango.

Liko na jingine, ambalo kijana wenu hakunijibu kabisa. Askari akifika safu 3 za mwisho upande wa adui anaweza kupindulika na kupanda cheo, na alama ya nyuma ndiyo inayoonyesha kwamba amepanda. Kati ya askari wenu 17, watano wamechapwa alama ileile mbele na nyuma. Ukimpindua, hakuna kinachobadilika machoni, na baada ya hatua kumi hamkumbuki tena nani amepanda na nani bado. Picha za kete hizo, mbele na nyuma, nimewatumia kwa WhatsApp, nanyi mmezisoma.

Kwa sasa tunatumia vipande vya boksi nilivyovikata kwa mkasi na kuvichora kwa kalamu. Vina ncha na vina pande mbili, tunacheza. Lakini sikulipa 93,000 ili nikate boksi.

Ninachoomba ni hiki. Mniletee askari 6 wa ukubwa uleule, mmoja aliyekosekana na watano wa kubadilisha hao walioharibika, kwa gharama yenu. Mnitumie maelekezo ya Kiswahili mliyoyatangaza. Kama hayapo, yaondoeni kwenye tangazo leo, kwa sababu mtu asiye na ndugu wa kumtafsiria atabaki na boksi la vibao asivyojua pa kuviweka. Kama kete hizo hamna, nirudishieni fedha zote pamoja na nauli ya kifurushi, nami nitairudisha seti.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu nitapeleka malalamiko yangu Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Risiti ya malipo, picha ya tangazo lenu na picha za kete nimeziambatanisha.

Tafadhali mkituma kwa basi, nipigieni simu kabla halijaondoka, ili nipange mtu wa kukaa na mzee nikienda stendi.

Mteja wenu,
Uyole, Mbeya