Fungueni fundo kabla ya kutupa maganda

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kwamba sisi wakazi wa miji ya Uganda tunapenda uchafu, na dawa yetu ni faini tu. Nimekuwa askari polisi miaka 28. Kiswahili hiki nilikipata kambini, na faini nimeandika nyingi kuliko barua. Sasa nimestaafu, nafuga mbuzi hapa Walukuba, Jinja, na ninachotaka kusema kimetoka tumboni mwa mbuzi.

Mwaka jana, mvua za Machi zilipoanza, jike langu jeusi aliacha kula. Siku ya kwanza nikasema ni baridi. Siku ya tatu ubavu wa kushoto ulikuwa umevimba, ukiupiga kiganja unalia kama ngoma, na kucheua hacheui. Jirani yetu mchinjaji akaniambia, "Afande, usingoje afe. Tumchinje angali halali." Tukamchinja, na nyama tulikula, sitaficha. Lakini alipopasua tumbo kubwa, ndani mlikuwa na bonge la kavera, yaani mifuko ya plastiki, lenye ukubwa wa mpira wanaochezea watoto. Nyeusi, buluu, nyeupe zilizogeuka kijani, zote zimesokotana kama kamba ya katani. Tukazichambua moja moja kwenye karai. Tatu zilikuwa bado zimefungwa fundo. Mchinjaji akaitia kisu moja: maganda ya matoke, yameoza humo humo, hata tumbo la mbuzi halikuyafikia.

Fundo lile nililijua. Mara mbili, halafu ncha inarudishwa ndani. Nyumbani kwangu analifunga mtu mmoja tu, na alijifunzia kambini kufunga mizigo. Mama watoto aliitazama ile kavera, akanitazama mimi, akaingia ndani kupika.

Watu husema mbuzi ni mjinga, anakula kila kitu. Si kweli. Anafuata harufu ya maganda na chumvi ya mabaki ya chakula. Hana vidole vya kufungulia, basi anaumeza mzigo mzima, na kavera ikishaingia haisagiki wala haitoki. Mjinga ni aliyefunga.

Sasa turudi kwenye faini. Sheria tunayo. Kavera nyembamba zilipigwa marufuku mwaka 2009, na sheria ya mazingira ya 2019 ikarudia kwamba zenye unene wa chini ya mikroni 30 haziruhusiwi. Namuuliza mwenzangu: sokoni ni askari gani anatembea na kipimo cha mikroni? Mimi miaka yote 28 sikukabidhiwa. Rwanda walipiga marufuku mapema, 2008, Kenya wakafuata Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na kule askari hana haja ya kupima unene, akiuona mfuko wa sokoni anajua. Sisi tuliacha mlango wazi, halafu tunataka kumtoza mama anayeuza nyanya za mafungu.

Tulichofanya kwenye mstari wetu wa vyumba tisa ni kidogo, naona hata haya kukiandika. Tulichukua jerikani mbili kuukuu za lita 20, tukazikata vichwa. Moja ni ya maganda matupu, bila kavera, bila wembe, bila pampasi ya mtoto. Ya pili ni ya vingine vyote. Jioni watoto wanazunguka na ile ya maganda na kuileta zizini kwangu. Yanayobaki na samadi huenda kwenye migomba ya bibi mmoja wa chumba cha mwisho, naye hulipa kwa majani ya ndizi, yale ya kufunikia sufuria. Zamani wengi wetu tulifunikia kavera, na matoke yakanuka plastiki.

Haikuanza vizuri. Wiki mbili za kwanza nilikuta ndani ya maganda betri za redio, na siku moja soksi. Nikafoka kama niko paredi, watu wakaacha kuleta kabisa. Mama watoto ndiye aliyeninyamazisha. Akawaita wanawake, akawaonyesha lile bonge, ambalo alikuwa ameliosha na kulikausha juu ya bati bila kuniambia. Likapita mkono kwa mkono. Tangu siku hiyo sijaokota soksi.

Kijana anayekaanga rolex hapo kona alitushinda kidogo. Chapati na mayai ya moto anaviringisha, anatumbukiza kwenye kavera, na anasema mteja wa boda hawezi kubeba sahani. Ana haki. Lakini sisi wa jirani tumekubaliana naye: anayekuja na sahani yake anaongezewa nyanya. Asubuhi utaona watoto wamepanga foleni na sahani za bati, na wengine, nadhani, wanakuja kwa ajili ya nyanya.

Tulijaribu pia kufinyanga vumbi la makaa na uji wa muhogo, tupate makaa ya kupikia. Mafungu ya kwanza tulitia udongo mwingi, yakatoa moshi na kuvunjika kwenye sigiri. Hilo tumelisimamisha mpaka kiangazi.

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, kilima cha taka cha Kiteezi kule Kampala kilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30, nilisikia redioni nikasema hayo ni mambo ya Kampala. Sasa najua sehemu kubwa ya kilima kile ilikuwa kitu kile kile nilichokuwa nakifunga fundo: maganda, yaliyokosa mbuzi wa kuyala. Jerikani yetu ya pili siku hizi inachukua karibu wiki kujaa. Ile kavera ya zamani tuliitupa kila siku.

Kuna jambo moja bado linanishinda, nalo ni mukene wabichi, wale dagaa wa ziwani. Pale Masese nikienda na ndoo, muuzaji ananipimia kwanza kwenye kavera, halafu ndiyo anamimina kwenye ndoo, kavera anaitupa ziwani mbele yangu. Nikisema, anacheka, "Mzee, si umetaka bila kavera?" Msomaji yeyote wa Entebbe, Kalangala au Kisumu aliyepata njia ya kupimiwa kwa kopo tangu mwanzo, tafadhali aandike hapa, nitasoma.

Askari mstaafu,
Walukuba, Jinja