Pasaka njema, ila Yakobo anatusema

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na kwa upande wa ukweni kwangu Tumsifu Yesu Kristo. Amefufuka! Pasaka njema kwenu wote.

Leo tangu alfajiri simu inalia tu, maua, misalaba inayometameta, "mbarikiwe sana wewe na familia yako", na mimi nimeshaforwadi kama ishirini hivi kabla hata sijapiga mswaki. Ndo nikakumbuka Yakobo 2, kuna ndugu hana nguo wala riziki, mtu anamwambia "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba" halafu hampi kitu. Nikacheka peke yangu, si ndo meseji ya sikukuu hiyo jamani, imekosa picha ya ua tu.

Sasa mimi mlutheri nimeoa kwa wakatoliki, kwahiyo hii mada ya imani na matendo kwetu haiishi, kila Pasaka pilau likishuka tu shemeji anaianzisha. Mimi natoa Waefeso 2, tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, yeye anatoa Yakobo na kunikumbusha kwamba Martin Luther wangu, mwanzilishi wa ulutheri, mwaka 1522 aliuita huo wa Yakobo "waraka wa majani makavu", hapo nainamia soda yangu. Na wakubwa wetu, walutheri na wakatoliki, walishasaini tamko la pamoja kule Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999, kwamba Mungu anatupokea kwa neema tu, si kwa stahili yetu, na Roho huyo huyo anatutuma kutenda mema. Taarifa haijafika mezani kwetu 😂

Silaha yangu kubwa ni yule mhalifu wa Luka 23 aliyesulubiwa pamoja na Yesu, hajabatizwa, hajatoa zaka, jumuiya hajakanyaga, kaambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi", kesi imeisha. Ila Ijumaa Kuu hii somo linasomwa nikashtuka, yule jamaa mikono iko mtini, miguu haiendi popote, amebakiwa na mdomo, na huo mdomo akamkemea mwenzie, akamtetea Yesu kwamba "huyu hakutenda lo lote lisilofaa", saa ambayo Petro alishamkana mara tatu. Sisemi ndo iliyomwingiza peponi, hapana, kule kaingia bure kabisa. Lakini alichobakiwa nacho alikifanyisha kazi. Mimi mikono yote miwili iko huru naforwadia maua.

Kuna mama mjane hapa jirani, tangu masika yaanze paa lake linavuja, asubuhi nimemtumia njiwa na ua akajibu "amina mwanangu". Nimeona aibu. Kesho ni Jumatatu ya Pasaka, kazini hatuendi, shemeji anasema bati mbili za banda la kuku zilibaki na mimi ngazi ninayo, misumari tutapata dukani. Kwahiyo kesho pilau ni jioni, na msianze bila sisi.