Chati ya sumaku ya tope si chati ya mvua

Ndugu Mhariri,

Kila Mto Ruvu unapopungua, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2022 jiji la Dar es Salaam lilipoingia kwenye mgawo wa maji, na kila bonde la Msimbazi linapofurika, swali linarudi lile lile: haya ni mapya, au nchi hii imeshawahi kuyaona? Vipimo vya mvua vilivyoandikwa vinaanzia enzi ya Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Kwa nyakati za kabla ya hapo tunategemea zaidi tope lililotulia chini ya maziwa yetu. Kipimo kimojawapo cha tope hilo, cha haraka na cha bei nafuu, ni usumaku wake, yaani jinsi linavyoitikia sumaku. Tatizo ni kwamba mchoro wake husambazwa kana kwamba ni chati ya mvua. Si chati ya mvua. Ni chati ya madini ya chuma, na mvua ni sababu moja tu kati ya kadhaa zinazoipandisha na kuishusha.

Hoja ya msingi ni nyepesi, na imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1970. Mvua inasomba udongo kutoka milimani. Ndani yake mna chembe za magnetiti, yale madini meusi yanayong'ang'ania sumaku ukiipitisha mchangani. Chembe hizo zinatua ziwani, kwa hiyo tabaka la kipindi cha mmomonyoko mkubwa linasoma juu. Hadi hapo sawa. Lakini mvua za kutosha mwaka hadi mwaka hustawisha msitu, mizizi ikashika udongo, na chuma kinachofika ziwani kikapungua. Ukame nao huacha ardhi tupu, kisha mvua mbili tatu za ghafla zikabeba kila kitu. Kilele kile kile kinaweza kumaanisha mvua nyingi katika ziwa moja na ukame katika jingine.

Kinachosumbua zaidi hutokea baada ya tope kutua. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na ukishapita mita 200 hivi maji hayana oksijeni. Kwenye tope la namna hiyo bakteria huvuta pumzi kwa kutumia chuma. Chembe ndogo za magnetiti ndizo huyeyuka kwanza, kwa kuwa eneo lao la nje ni kubwa ukilinganisha na ujazo wao. Chuma kilichoyeyuka kikikutana na salfaidi (aina ya salfa inayojikusanya kwenye tope lisilo na oksijeni) ya kutosha kinageuka piriti, madini ya chuma na salfa ambayo kwa kipimo hiki karibu haionekani. Salfaidi ikiwa haba, mabadiliko yanaishia njiani kwenye greigiti, madini mengine ya chuma na salfa, na greigiti ni sumaku kali. Kwa hiyo tabaka lenye mabaki mengi ya mimea linaweza kusoma karibu na sifuri, na sentimita chache chini yake kukawa na kilele kirefu. Asiyejua ataandika "ukame, kisha mafuriko makubwa", kumbe ni kemia ya tope lenyewe. Ongeza majivu ya volkano, ambayo kusini mwa Mbeya ni jambo la kawaida, na maganda ya diatomu (mwani mdogo sana wa majini) yanayolizimua tope, utaona kwa nini mstari mmoja hautoshi.

Sasa kazi yenyewe. Bomba la plastiki lenye pistoni hushushwa kutoka kwenye jukwaa linaloelea. Pistoni inabaki palepale usawa wa tope, bomba linazama kuipita, na mvuto wake unazuia tope lisijibane. Bomba la pili huchukuliwa hatua chache pembeni, likianza kina tofauti, ili maungio ya vipande yasiangukie mahali pamoja. Michoro ya sumaku ya mabomba yote mawili ndiyo inayotumika kuyaoanisha. Hapo kipimo hiki hakina mpinzani: ni dakika chache kwa kila mita, na tope halijaguswa.

Vipande vikishatulia wima na maji ya juu yakaondolewa, vizibwe pande zote na sponji, vifungwe kwa nailoni, vihifadhiwe kwenye nyuzi 4. Kwa safari ya kutoka Rungwe hadi Dar es Salaam, mtu anaweza kushawishika kukodi gari la baridi la samaki. Linafaa tu ikiwa halijawekwa kugandisha. Tope likiganda, barafu inatanuka na kupasua matabaka ya milimita moja moja, na hakuna namna ya kuyarudisha.

Maabara, kipande hupitishwa ndani ya pete ya kipimo, hatua ya sentimita 1 au 2. Kwanza kiachwe kifikie joto la chumba. Kiyoyozi kikiwaka na kuzima, namba huhama zenyewe, kwa hiyo husomwa hewa tupu kabla na baada ya kila kipande na tofauti kuondolewa. Funguo, simu na meza ya chuma vikae mbali. Pete haioni sentimita moja tu. Inachanganya kadhaa za jirani. Tope linalojikusanya milimita 1 kwa mwaka, likisomwa kwa pete inayochanganya sentimita 5, kila namba ni wastani wa miaka 50 hivi. Na karibu na ncha za kipande nusu ya pete inasoma hewa, kwa hiyo namba inashuka kwa uongo. Ukiona mchoro wenye "ukame" unaojirudia kila mita 1.5, uliza kwanza urefu wa vipande.

Baada ya hapo bomba linapasuliwa kwa urefu, nusu moja inabaki kama kumbukumbu, na nyingine inakatwa sampuli kwa kijiko cha plastiki. Sampuli zikaushwe kwa nyuzi 40 au chini yake, kwa sababu joto na hewa vinaiharibu greigiti, kisha zipimwe uzito. Maji na diatomu husoma hasi kidogo, kwa hiyo sampuli mbichi zenye maji tofauti hazilinganishwi kwa ujazo; zilinganishwe kwa kilo ya tope kavu.

Kila sampuli inasomwa kwa masafa mawili, hezi 465 na hezi 4,650. Chembe zilizo chini ya nanomita 30 hivi, ambazo nyingi huzaliwa kwenye udongo wa juu, husoma pungufu kwenye masafa ya juu, na tofauti hiyo kwa asilimia inasaidia kujua kama tope limetoka shambani au kwenye mwamba. Sampuli ikiwa dhaifu sana, asilimia hiyo ni kelele za mashine na isichorwe kabisa. Halafu sampuli inapigwa sumaku yenye nguvu ya tesla 1 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku), na baadaye militesla 300 kwa upande wa nyuma. Magnetiti hugeuka karibu yote. Hematiti, yaani madini mekundu ya chuma, na madini ya kutu hubaki yakishikilia upande wa kwanza. Shaka ya greigiti huondolewa kwa moto: yenyewe huanza kuharibika ikipita nyuzi 200, ilhali magnetiti inashika sumaku hadi 580.

Kuhusu umri nitasema machache. Umri husomwa kwa atomi zinazooza kwa kasi inayojulikana: risasi 210 (aina ya madini ya risasi) inafaa kwa miaka 150 hivi ya karibuni, kaboni 14 hadi takriban miaka 50,000. Kaboni hiyo ipimwe kwenye jani au mbegu, maana tope zima hubeba kaboni kongwe na kuongeza umri usio wake.

Kazi nzuri ipo, na imefanywa kwenye maziwa yetu. Ziwa Masoko, kasoko dogo wilayani Rungwe, limetoa mfululizo wa miaka 45,000, na usumaku wake umechunguzwa tangu miaka ya 1990. Ziwa Challa, mpakani na Kenya chini ya Kilimanjaro, lilichorongwa 2016. Uchorongaji wa 2005 katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, ulionyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na vipindi ambavyo ujazo wa maji ulipungua kwa angalau asilimia 95. Hitimisho hilo halikutoka kwenye mstari wa sumaku peke yake. Liliungwa mkono na viumbe vidogo, chavua, kemia na picha za sauti za matabaka ya chini ya ziwa.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa gazeti lako: mtafiti akileta mchoro wa sumaku akisema huo ni ukame wa kale, mwandishi aulize ni madini gani yaliyopimwa, greigiti ilichunguzwaje, umri ulipatikana kwa kitu gani, na kipimo gani kingine kinakubaliana nao. La pili ni kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia pale Kijitonyama. Vibali vya kuchukua tope kwenye maziwa yetu vitaje waziwazi kwamba nusu ya kumbukumbu ya kila bomba itahifadhiwa nchini kwenye nyuzi 4, pamoja na namba ghafi, zikiwemo zile za hewa tupu, na si michoro iliyokwisha kulainishwa. Kipimo cha pete na cha sampuli vinaenea kwenye meza moja. Mwanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa na nusu hiyo na namba hizo anaweza kurudia kazi yote na kuona kama kilele kile ni mafuriko, majivu au greigiti.

Msomaji wako,
Sinza, Dar es Salaam