Shukrani za familia yetu ya Jorodom, Katesh

Sisi watoto, wajukuu na ndugu wa mama yetu, aliyefariki katika maporomoko ya tope ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tunawashukuru nyote mliotushika mkono hadi leo tumemaliza arobaini.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Alfajiri tulisikia mngurumo, tukadhani ni radi. Kumbe sehemu ya Mlima Hanang ilishalowa ikameguka, ikashuka na tope, mawe na magogo mpaka mjini. Mama alikuwa jikoni, akichochea moto wa chai. Wengi mmetuuliza, ndivyo ilivyokuwa.

Majirani, nyumba zenu nazo zilifukiwa, lakini mlichimba kwetu kwa majembe, sufuria na mikono mitupu kabla mitambo haijafika. Askari wa JWTZ mliompata Jumatatu, mlimtoa taratibu kama mnamtoa mama yenu. Tuliliona hilo. Na nyinyi kina mama wa jumuiya mlimwosha tope mpaka kwenye mizizi ya nywele, mkamfunga khanga mpya. Hatuna cha kuwalipa.

Tunaishukuru Serikali kwa kugharamia mazishi na matibabu, pamoja na madaktari na wauguzi waliomhudumia baba. Pole zetu ziwafikie wenzetu wote wa Hanang. Waliofariki walifika 89, na wapo waliozika zaidi ya mmoja.

Kambini tulilala darasani, tukila na kujifunika vitu vya watu tusiowajua: unga, maharage, magodoro, mablanketi. Kuna aliyekumbuka kuweka taulo za kike na sabuni ndani ya mfuko wa nguo. Dada zetu walikuwa wanaona aibu kuomba, wewe ukawaondolea aibu hiyo. Mungu akuzidishie.

Hatuwezi kumtaja kila mmoja kwa jina, mtuwie radhi.

Ila yupo mmoja tunayemtafuta. Kijana wa bodaboda, ulimpakia mdogo wetu wa miaka sita asubuhi ile. Pikipiki iliponasa ukaiacha kwenye tope, ukambeba mgongoni hadi hospitali, ukarudi kuokoa wengine. Hatukupata jina lako. Mtoto amepona, na koti lako tunalo, tumelifua. Tafadhali fika nyumbani, au ulizia kwa mwenyekiti wa mtaa. Baba anataka kukuona.