Kijana anayepangisha ajue fedha ipi ni yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo linalonigusa kila ninaposikia vijana wakishauriana kununua nyumba ndogo, au kujenga vyumba viwili vitatu, kwa ajili ya kupangisha. Nia yao ni njema, na mimi mwenyewe niliingia katika shughuli hii nikiwa na umri wa miaka 25, kwa kushirikiana na dada yangu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mazungumzo yao karibu yote huishia kwenye namna ya kupata mtaji, kana kwamba nyumba ikishapatikana na mpangaji akahamia, kilichobaki ni kupokea kodi tu. Kwa miaka 11 niliyokaa katika kazi hii nimeona wanaoanza wakiangushwa zaidi na jambo jingine: hawajui kwamba sehemu kubwa ya fedha zinazopita mikononi mwao si zao.

Nianze na amana, yaani fedha ambayo mpangaji humwachia mwenye nyumba kama dhamana na kurudishiwa anapohama, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea mimi. Mpangaji wetu wa kwanza alikuwa mwalimu mwenye watoto wawili. Alitulipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya miezi miwili, akatia saini mkataba, akapokea funguo. Wiki hiyo hiyo tuliichukua ile amana tukanunulia rangi, vitasa na tangi la maji, tukijiambia kwamba kwa kuwa fedha zimeingia ndani ya nyumba hazijapotea. Mwaka mmoja na nusu baadaye alihamishwa kikazi. Alitupa notisi ya mwezi mzima kama mkataba ulivyotaka, na akaisafisha nyumba mpaka vioo vya madirisha vikawa vinang'aa. Siku ya kukabidhi funguo alisimama sebuleni, vyombo vyake vikiwa tayari garini na sauti yake ikirudi kutoka kwenye kuta tupu, akaniuliza kwa upole: "Kaka, na ile amana yangu?"

Sikuwa nayo. Nilimlipa kwa mafungu manne, la mwisho likimfikia miezi mitano baada ya kuondoka, na wakati huo wote alikuwa ameshalazimika kutafuta amana nyingine ya kumpa mwenye nyumba mpya. Hakunigombeza hata siku moja, na hilo limenikaa moyoni kuliko ambavyo ugomvi ungekaa.

Zipo nchi ambazo hazikuliacha jambo hili kwenye hiari ya mwenye nyumba. Katika England na Wales, tangu Aprili 2007, amana ya upangaji wa kawaida wa nyumba ya kuishi lazima ilindwe katika mpango uliokubaliwa na serikali, na mwenye nyumba asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa na mahakama amlipe mpangaji kati ya mara moja na mara tatu ya kiasi cha amana yenyewe. Ujerumani, amana ya nyumba ya kuishi haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu, na lazima iwekwe mbali na mali ya mwenye nyumba, tena faida inayozaa ikiwa ni ya mpangaji. Kijana anayeanza hana haja ya kusubiri sheria ya namna hiyo imfikie. Akaunti tofauti hufunguliwa kwa siku moja.

Amana hiyo huguswa tu pale mpangaji anapoondoka akiwa na deni la kodi au ameacha uharibifu, na uharibifu ni tofauti na uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa jua, sakafu iliyokwaruzika mahali watu wanapopita kila siku, kitasa kilicholegea kwa kufunguliwa maelfu ya mara, hivyo ni gharama za mwenye nyumba. Mlango uliopasuliwa kwa teke au sinki lililovunjwa ni gharama za mpangaji. Ili pasiwe na mabishano, siku ya kuhamia tembeeni nyumba nzima pamoja, chumba kwa chumba, mkiandika kila kitu kilivyo, mkipiga picha zenye tarehe na kunakili tarakimu za mita, kisha nyote wawili mtie saini na kila mmoja abaki na nakala yake. Kazi hiyo haichukui hata saa mbili, na sijaona karatasi nyingine iliyoniepusha na magomvi mengi kiasi hicho.

Sasa nije kwenye kodi yenyewe. Lugha yetu hutumia neno hili moja kwa fedha anayotoa mpangaji na kwa fedha inayochukuliwa na serikali, na nadhani si vibaya kijana akikumbuka kila mara kwamba ya kwanza huja ikiwa tayari inadaiwa na ya pili. Tuchukue mfano wa tarakimu bila kutaja sarafu. Nyumba imenunuliwa kwa 120,000 na inapangishwa kwa 1,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 12,000, na hapo ndipo wengi hufunga hesabu na kutangaza kwamba nyumba inazaa asilimia 10. Lakini tuseme mwezi mmoja katika 12 ilikaa tupu, ukarabati ukala 1,200, na bima, ada ya dalali na kodi za serikali zikachukua 1,900. Kilichobaki ni 7,900, yaani chini kidogo ya asilimia 6.6 ya bei ya nyumba.

Kama nyumba hiyo ilinunuliwa kwa akiba, hesabu hiyo si mbaya. Kama asilimia 80 ya bei, yaani 96,000, ilikopwa kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka na kwa muda wa miaka 20, rejesho la kila mwezi ni takriban 1,057, kiasi kinachozidi kodi ya mwezi kabla hata msumari mmoja haujanunuliwa. Katika rejesho la kwanza, 960 ni riba na 97 tu ndiyo inayopunguza deni, na nusu ya deni hailipiki mpaka mwaka wa 15 unapokaribia kwisha. Mwenye nyumba huyu, ambaye ile 7,900 ya mwaka humpa kama 658 tu kwa mwezi, atatoa mfukoni mwake karibu 400 kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, huku jirani zake wakimwita mtu mwenye kipato cha pembeni. Nyumba inayozaa asilimia 6.6 haiwezi kubeba mkopo wa asilimia 12, hata mwenyewe awe na bidii ya namna gani.

Wapo watakaosema kwamba upungufu huo utafidiwa na kupanda kwa bei ya nyumba. Huenda. Lakini bei hushuka pia: nchini Marekani zilifikia kilele mwaka 2006, kisha zikaporomoka na kukaa chini kwa miaka, na waliokuwa wamekopa kwa kutegemea kwamba zitapanda tu walijikuta wanadaiwa kuliko thamani ya nyumba zao. Namshauri kijana anunue nyumba ambayo kodi yake inalipa gharama zake leo, na kama bei itapanda, hilo liwe nyongeza.

Fungu jingine lisilo lake ni la matengenezo. Mwaka wetu wa tatu lilitokea doa la maji kwenye dari ya chumba cha kulala, si kubwa kuliko kiganja, lenye ukingo wa rangi ya chai. Mpangaji alitueleza mapema na sisi tukamwambia avumilie, kwa sababu kodi ya mwezi ule tulikuwa tumeshaila. Mvua zilipoisha, mbao mbili za paa zilikuwa zimeoza na ubao wa dari umelegea wote, na tulimlipa fundi zaidi ya mara sita ya alichotutajia siku ya kwanza. Tangu hapo tunatenga asilimia 15 ya kila kodi siku ile ile inapoingia, kabla ya kuitazama mara mbili, na fedha hiyo tunaihesabu kuwa ni mali ya paa, mabomba na nyaya.

Niseme kidogo pia juu ya kupandisha kodi, kwa kuwa vijana hufanya haraka hapo. Ukimwongezea mpangaji mzuri 50 juu ya 1,000 naye akahama, na nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja tu, utahitaji miezi 20 ya nyongeza hiyo kurudisha kodi ya mwezi uliopotea, bila kuhesabu rangi mpya na dalali. Mpangaji anayelipa kwa wakati na kukuarifu bomba linapovuja ana thamani ambayo haionekani kwenye mkataba.

Hata nyumba yenyewe, mkataba ukiwa hai, si yako yote. Hati ina jina lako, lakini mlango ni wa aliyepanga. Nimewaona vijana wenzetu wakiingia nyumbani kwa wapangaji wao bila hodi, wakikagua jiko na kuuliza wageni wametoka wapi, kwa sababu tu wana funguo za akiba. Taarifa ya siku moja au mbili kabla ya ukaguzi, na sababu ya kweli ya kuja, ni haki ya mtu anayelala humo na watoto wake.

Kwa hiyo ninaliomba gazeti lako, Ndugu Mhariri, liwape wanasheria na wahasibu nafasi ya kufafanua mikataba ya pango na uwekaji wa daftari la mapato na matumizi kwa lugha ambayo kijana wa miaka 22 ataielewa. Nawaomba pia wanaoendesha mafunzo ya ujasiriamali waanze na somo hilo kabla ya kufundisha namna ya kuomba mkopo.

Mimi na dada yangu sasa tuna nyumba tatu. Amana za wapangaji wote watatu ziko katika akaunti moja isiyotoa fedha mpaka sote wawili tutie saini.

Wako,
Mwenye nyumba na msomaji wa gazeti lako