Maneno ya wimbo kwenye skrini yana mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ya barua niseme jambo kuhusu rekodi za karaoke, kazi ambayo nimeifanya studio kwa miaka mingi nikiwa mpiga kinanda. Mara kwa mara nakutana na watu, wakiwamo wanamuziki wenzangu, wanaoamini kwamba karaoke ni wimbo uleule wa msanii uliofutwa sauti yake, na kwamba aliyeununua wimbo huo kihalali hadaiwi tena na mtu yeyote. Imani hiyo inamuumiza mtunzi wa maneno kuliko mwingine yeyote.

Kwanza ieleweke kwamba rekodi nyingi zinazouzwa na kampuni za karaoke hazitokani na rekodi ya msanii hata kidogo. Wimbo uliokwisha rekodiwa una haki mbili: ya utunzi, yaani melodi na maneno, ambayo huwa mikononi mwa mtunzi au mchapishaji wake, na ya sauti iliyorekodiwa, ambayo aghalabu ni mali ya kampuni iliyogharamia kurekodi. Ruhusa ya hiyo ya pili ni ngumu kuipata na ina gharama, kwa hiyo watengenezaji huamua kuupiga wimbo upya tangu noti ya kwanza. Sheria ya Marekani, kwa mfano, haimzuii mtu kurekodi sauti zake mwenyewe, hata zikifanana sana na za rekodi ya awali.

Hapo ndipo tunapoitwa sisi wapigaji. Tunausikiliza wimbo kipande kwa kipande hadi tujue besi inaingia wapi na waitikiaji ni wangapi. Nakumbuka kipande cha kinanda cha sekunde nne tu kilichonichukua alasiri nzima, kwa sababu mpigaji wa awali alikuwa akiichelewesha noti ya mwisho kidogo mno, na bila kuchelewa kule mwimbaji aliyeuzoea wimbo angejikuta ameingia kabla ya wakati. Vyombo vikishakamilika huja sauti ya kuongoza, ambayo hurekodiwa kando ili mtumiaji aweze kuizima, kisha maneno: kila mstari hutangulia kuonekana kabla ya kuimbwa, maana jicho lazima lisome kwanza, halafu kila silabi hupangiwa wakati wake wa kubadilika rangi. Njia ya mkato ya zamani, ile ya kugeuza upande mmoja wa stereo ili kilicho katikati kijifute, haikuwahi kufikia ubora huo, kwani sauti ya mwimbaji huondoka pamoja na besi na ngoma kubwa, na bado mwangwi wake hubaki nyuma. Programu za siku hizi za akili mnemba hutenganisha sauti kwa usafi zaidi, lakini kinachotenganishwa bado ni rekodi ya mtu, na ruhusa ya mwenye rekodi inahitajika palepale.

Kupiga upya hakumwondoi mtunzi. Nchini Marekani sheria inaruhusu wimbo uliokwisha kutolewa hadharani urekodiwe na mtu mwingine hata mtunzi asipopenda, ilimradi taratibu zifuatwe na malipo yaliyopangwa yatolewe. Kampuni moja ya karaoke ilidhani leseni hiyo inatosha, ikatoa diski za aina ya CD+G, ambazo pamoja na muziki hubeba michoro inayoonyesha maneno, zikiwa na nyimbo za Mick Jagger na Keith Richards wa The Rolling Stones. Mwaka 1996, katika kesi ya ABKCO Music dhidi ya Stellar Records, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York iliamua kwamba leseni ile ni ya sauti peke yake, na kwamba kuonyesha maneno kwenye skrini kunahitaji ruhusa nyingine, inayojadiliwa na mwenye haki mwenyewe. Mwaka 2008 mahakama nyingine ya rufaa nchini humo ilifikia uamuzi kama huo katika kesi ya Leadsinger dhidi ya BMG Music Publishing, ambapo kifaa chenyewe kilikuwa kipaza sauti cha kuchomekwa kwenye televisheni.

Wapo wanaoona kwamba hukumu hizo zilikuwa za kubana mno, kwa hoja kwamba maneno ya nyimbo yamezagaa kila mahali. Sikubaliani nao. Ukiyaondoa maneno, kinachobaki ni ala tupu ambayo watu wachache sana wangeinunua, kwa hiyo maneno ndiyo bidhaa yenyewe. Niliwahi kufanya kazi ya siku tatu ambayo haikutoka kamwe, kwa sababu mteja alikuwa ameomba ruhusa ya muziki akasahau ya maneno, na mchapishaji alipoombwa baadaye alikataa. Nililipwa ujira wangu, na pamoja na uchungu wa kuona kazi inafungiwa, naamini mchapishaji alikuwa na haki.

Kuimba mbele ya wateja ni suala jingine, lenye leseni yake kutoka kwa taasisi za kukusanya mirabaha, na anayewajibika ni mwenye ukumbi. Mahakama Kuu kabisa ya Japani ilishalisema hilo mwaka 1988: mteja akiimba kwa mashine ya baa, kisheria mwimbaji ni mwenye baa, kwa sababu yeye ndiye anayeisimamia shughuli na kupata faida.

Ombi langu kwa watengenezaji ni dogo. Kabla ya ubeti wa kwanza, rekodi nyingi za karaoke huonyesha jina la wimbo na jina la mwimbaji aliyeupatia umaarufu, mwimbaji ambaye sauti yake haimo kabisa katika rekodi hiyo. Jina la mtunzi wa maneno, ambayo kila mtu ukumbini anakaribia kuyasoma, liandikwe hapohapo, kwa herufi za ukubwa uleule, na libaki kwenye skrini hadi hesabu ya kuingia imalizike.

Wako,
Mpiga kinanda wa studio